Kilo moja ya chakula inatoa mayai mangapi? Kuchagua kuku wa mayai wa kufugia uani

Mwanzisha uzi (Kibamba, Dar es Salaam)

Wakuu, salaam.

Kila anayetaka kufuga kuku kumi au ishirini nyuma ya nyumba huanza na swali moja: ni kuku gani anayetaga sana? Mimi nami niliuliza hivyo hivyo mwaka nilioanza, nikajibiwa kwa usahihi kabisa, na bado nikala hasara, kwa sababu swali lenyewe nilikuwa nimelikosea. Kuku anayetaga sana yupo na jina lake si siri. Swali linalofaa ni hili: kwa banda nililonalo na chakula ninachomudu kununua, kilo moja ya chakula itanirudishia mayai mangapi?

Tuanze na kuku wa kisasa wa mayai, wale wa kahawia wanaojulikana kwa majina ya kampuni zilizowazalisha: ISA Brown wa Ufaransa, Lohmann Brown wa Ujerumani na Hy-Line Brown wa Marekani. Kwa mfugaji wa uani hawa watatu ni kitu kimoja, na sioni sababu ya watu kugombana juu ya yupi bora. Akilishwa ipasavyo, huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga hufikia mayai 300 na zaidi. Chukua matetea 10 wanaokula gramu 115 kila mmoja na kutoa mayai 8 kwa siku. Banda zima limekula kilo 1 na gramu 150, kwa hiyo kila yai limekugharimu gramu 144 hivi. Kilo moja imetoa mayai saba.

Sasa mchukue Kuroiler, ambaye chimbuko lake ni India na ambaye miaka hii amejaa mitaani kwetu. Huyu anafugwa kwa nyama na mayai, mwili wake ni mkubwa, na tetea wake hutoa mayai 150 hivi kwa mwaka. Matetea 10 watakupa mayai 4 kwa siku, na kwa ukubwa ule ukiwapimia gramu 140 kila mmoja hujawapendelea. Kilo 1 na gramu 400 kwa mayai 4 ni gramu 350 kwa yai. Kilo moja haifikishi hata mayai matatu.

Kwa kuku wa kienyeji hesabu huwashangaza wengi. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15, anaatamia, analea, kisha anarudi kutaga. Mizunguko hiyo ni mitatu au minne kwa mwaka, kwa hiyo tuseme mayai 50. Ukimfungia bandani na kumlisha gramu 80 za kununua kila siku, kwa mwaka atakula kilo 29, na yai moja litakuwa limekula zaidi ya nusu kilo. Hilo ndilo yai la ghali kuliko yote, na ndilo wanalozalisha majirani zangu wengi hapa Kibamba, kwa sababu wamewafungia kuku wa kienyeji wasije wakala mchicha wa watu. Kuku huyo huyo ukimwachia azunguke, achakure, aokote kumbikumbi na makombo ya jikoni, wewe ukamwongezea gramu 30 tu za pumba jioni, kilo yako moja inakurudishia mayai manne na nusu, tena ya kiini cha njano iliyokolea, na vifaranga juu yake.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, anayenunua chakula chote afuge kuku wa kahawia, na mwenye eneo la kuwaachia kuku wazunguke afuge wa kienyeji au chotara. Wanaoumia ni walio katikati, wanaofuga kuku wa kisasa kwa matunzo ya kienyeji, au wa kienyeji kwa gharama za kisasa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa wa kundi hilo la kwanza. Mwaka wangu wa pili chakula kilipanda bei, nikaona nijibane kwa kuchanganya nusu chakula cha kutagia na nusu pumba za mahindi. Siku nne za mwanzo mayai hayakupungua, nikajipongeza. Siku ya kumi nilikuwa ninaokota mayai 4 pale nilipozoea 9, na moja kati ya hayo lilikuwa na ganda laini kama karatasi iliyolowa. Wiki iliyofuata kuku wakaanza kudonoa na kula mayai yao wenyewe. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu, na pumba karibu hazina. Kuku wa kisasa hapunguzi kutaga mara moja kwa sababu chakula kimepungua. Kwanza huichota ile kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake, na unapoona dalili ameshachoka. Nilirudisha chakula kamili na bado ilinichukua mwezi mzima kurudi kwenye mayai 8, na ile tabia ya kula mayai haikuisha mpaka nilipowaondoa wawili waliokuwa vinara.

Karibuni kwa maoni, hasa wa mikoa ya baridi, maana mimi ni mtu wa joto.

Mchangiaji (Makambako)

Mkuu, hesabu yako ni nzuri, ila umemsahau mama wa kuku. Huku kwetu vifaranga wa kahawia wanatoka mbali, wanasafiri kwenye basi usiku kucha, na katika boksi moja hukosi kukuta waliokufa. Baada ya mwaka na nusu kuku wako wamechoka kutaga, unaanza upya kuagiza. Mimi nilianza na kuku wa Malawi, matetea wanane na jogoo wawili, na leo nina kizazi cha nne bila kununua kifaranga hata kimoja. Hawafikishi mayai 300, nakubali, lakini sijawahi kumsubiri mtu wa kuangua vifaranga aniambie kuwa oda imejaa mpaka mwezi ujao. Pia baridi ya Juni na Julai hawaijali, kwa sababu wana mwili na manyoya ya kutosha. Katika ile hesabu ya kilo moja, gharama ya kumpata kuku mwenyewe uliiweka wapi?

Mwanzisha uzi

Dada, hapo umenipata, nami nakubali kwamba niliiruka.

Kwa faida ya wasomaji wengine, huyu tunayemwita kuku wa Malawi ni Black Australorp, kuku mweusi mwenye mng'ao wa kijani akisimama juani. Asili yake ni Australia, ambako alitokana na Orpington wa Uingereza aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya mayai, na katika mashindano ya huko ya mwaka 1922 hadi 1923 matetea sita walitaga wastani wa mayai 309 na nusu kila mmoja kwa siku 365. Jina la Malawi kalipata kwa kuwa kule alisambazwa sana kwa wafugaji wa vijijini na kwetu akaingilia upande huo. Wa mitaani wa leo hawafikii rekodi hiyo hata kidogo, maana wengi wameshachanganyika, lakini bado ni kuku ninayemheshimu.

Na hoja yako ya uzazi ina uzito. Malawi ni mbegu kamili: ukipandisha Malawi kwa Malawi unapata Malawi. Kuku wa kahawia ni mchanganyiko unaotengenezwa upya kila mara kutoka mistari ya wazazi inayotunzwa na kampuni. Ukiangua mayai yake, watoto hutawanyika, huyu kamfuata babu na yule bibi, na utagaji unashuka. Zaidi ya hayo, hamu ya kuatamia imeondolewa kwake kwa makusudi, kwa sababu kuku anayeatamia hatagi. Kwa hiyo mwenye kuku wa kahawia ni mteja wa kudumu wa mtu mwingine. Mimi niliyeko Dar es Salaam, ambako vifaranga napata kwa safari ya bodaboda, hilo halinisumbui. Ningekuwa Makambako huenda ningefanya kama wewe.

Niongeze tahadhari moja juu ya Malawi kwa anayeanza. Vifaranga wao wa siku moja wote ni weusi wenye tumbo jeupe, majogoo na matetea sawa. Niliwahi kununua 20 kwa muuzaji mmoja aliyeniapia kwamba wote ni majike. Walipofika miezi mitatu, 11 walikuwa wanajifunza kuwika, na watatu kati ya waliobaki walikuwa na miguu ya manyoya, jambo ambalo Malawi halisi hana. Kuku wa kahawia hana utata huo, maana rangi ya kifaranga ndiyo hati yake: majike huanguliwa wakiwa wa kahawia na majogoo wakiwa weupe au njano iliyofifia. Ukiuziwa boksi la vifaranga wa njano kwa jina la kuku wa kahawia wa mayai, umeuziwa majogoo.

Mchangiaji (Nakuru)

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya wengi wetu tumechagua njia ya katikati ambayo naona mwanzisha uzi ameikaribia kisha akaipita: kienyeji walioboreshwa, wanaotoka kituo cha KALRO, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Naivasha. Hawa wamechaguliwa kutokana na kuku wetu wa asili, wanastahimili kutafuta chakula wenyewe, na mayai yao ni mengi kuliko ya kienyeji wa kawaida mara kadhaa. Ubaya wao ni kwamba wameboreshwa mpaka kuatamia kumepungua, kwa hiyo inakubidi uwe na mashine ya kuangua au umtumie kuku wa nyanya yako kuwaatamia. Je, kwenu hakuna wa namna hiyo?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Nakuru, kwetu nafasi hiyo kwa sehemu kubwa imechukuliwa na Sasso, kuku mwingine wa nyama na mayai, na Kuroiler. Wote wawili walijaribiwa kwenye kaya za vijijini hapa Tanzania katika mradi wa African Chicken Genetic Gains, ulioratibiwa na ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) kwa kushirikiana na TALIRI (taasisi ya utafiti wa mifugo Tanzania) na Chuo Kikuu cha Sokoine, na tangu hapo wamesambaa kwa sababu wanakua haraka na majogoo wao huuzika. Lakini uzi huu ni wa mayai, na kwa mayai pekee bado nasema ni kuku wanaokula sana kuliko wanavyorudisha. Anayetaka jogoo wa Krismasi na Idi, na mayai ya watoto yawe nyongeza, hajakosea kuwachukua.

Ninachosikitika ni kwamba tunawapita kuku wetu bila kuwatazama kwa makini. Tunasema "kienyeji" kana kwamba ni kuku mmoja. Kuchi, yule mrefu mwenye shingo kama fimbo, ni mpiganaji, na tetea wake hutaga kidogo. Anayemnunua kwa ajili ya mayai kwa sababu tu amevutiwa na umbo atajuta. Ching'wekwe wa upande wa Morogoro ni mdogo, wala hatamaniwi sokoni, lakini huyo mdogo ndiye anayetaga zaidi na kula kidogo. Mwenye uani mpana anayetaka kienyeji kwa mayai atafute kuku wadogo kutoka kwa mama aliyetaga vizuri, awaache wakubwa kwa wanaouza nyama.

Na hiyo ya kumtumia kuku wa bibi tunaifanya. Nina matetea wawili wa kienyeji katikati ya kumi wa kahawia, na kazi yao ni kuatamia mayai ya Malawi ninayonunua kwa jirani. Tetea mmoja anabeba mayai 10 hadi 12 bila shida, na siku ya 21 anatoka na vifaranga.

Mchangiaji (Mbagala)

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mama wa watoto watatu na nina kibanda cha mita mbili kwa mbili nyuma ya nyumba ya kupanga. Sina uwezo wa kulea vifaranga kwa taa miezi minne, kwa hiyo mwezi uliopita nilinunua kuku wa kahawia 8 walioelezwa kuwa ni tembe, yaani matetea wachanga wanaokaribia kutaga. Wiki ya tano hii, napata yai moja au mawili kwa siku, na siku nyingine sipati. Nawalisha chakula cha kutagia cha dukani kama ulivyoandika. Pia mwenye nyumba hataki jogoo, na jirani ananiambia bila jogoo hawatataga. Nimekosea wapi?

Mwanzisha uzi

Marahaba mama. Jambo la jogoo tulimalize haraka: kuku hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika kwa mayai ya kuangua peke yake, na kwenye nyumba ya kupanga kutokuwa naye ni amani kwa wote. Banda lako la mita nne za mraba linawatosha kuku 8, kwa hiyo nafasi nayo haina lawama.

Kwa ulivyoeleza, nina wasiwasi kwamba hukuuziwa tembe. Umeuziwa kuku waliomaliza mzunguko kwenye shamba kubwa, wakaondolewa kwa kuzeeka, akaja mtu akawanunua kwa jumla na kuwauza rejareja kwa jina la tembe. Leo jioni, kuku wakishapanda kulala, wachukue mmoja mmoja uwakague hivi.

Tazama miguu kwanza. Kuku wa kahawia ambaye hajaanza kutaga ana miguu ya njano iliyokolea, kwa sababu rangi ya mahindi inahifadhiwa kwenye ngozi. Akianza kutaga, rangi ile inahamia kwenye kiini cha yai, na baada ya miezi mingi miguu inabaki myeupe kama mkono uliokaa majini. Miguu ikiwa myeupe, yenye magamba makavu yaliyoinuka na kucha ndefu zilizopinda, huyo ametaga sana kabla hajafika kwako. Kisha tazama upanga wa kichwani. Tembe ana upanga mdogo wa waridi. Anayetaga ana upanga mwekundu, mkubwa, wenye joto ukiushika. Aliyesimama kutaga upanga wake umesinyaa na kupauka.

Sasa mgeuze, mshike kwapani kichwa kikitazama nyuma yako, upapase chini ya tundu la kutagia. Kuna mifupa miwili myembamba inayochomoza, huku na huku. Ikiwa kati yake kinaingia kidole kimoja tu, kuku huyo hatagi. Ama hajaanza, ama amesimama. Vikiingia vidole viwili na nusu au vitatu, na tumbo ni laini kama unga uliokandwa, huyo anataga. Miguu myeupe pamoja na kidole kimoja maana yake ni mzee aliyesimama. Miguu ya njano pamoja na kidole kimoja maana yake ni tembe wa kweli, mvumilie.

Ukikuta wawili wanataga, wabakize, na sita waliobaki, kama ni wazee waliosimama, wapeleke kwenye supu wakiwa bado wana nyama, maana kila siku wanakula gramu 115 za chakula chako bure. Lakini kagua wote kabla hujaamua, kwa sababu kuku wanaohamishwa nao husimama kutaga kwa wiki mbili tatu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa hamu yao ya kula hupotea kwanza. Wiki tano ni nyingi kwa sababu hiyo peke yake.

Mara nyingine nunua tembe wa wiki 16 kutoka kwa mfugaji aliyewalea mwenyewe, na umuombe akuonyeshe kumbukumbu za chanjo za magonjwa haya: Mareki siku ya kwanza, Gumboro utotoni, ndui kabla hawajaanza kutaga, na kideri kwa kurudia. Asiyekuwa nazo, mwache hata kama bei yake ni nafuu.

Mchangiaji (Tanga)

Mkuu, umesema wewe ni mtu wa joto lakini joto lenyewe hukuligusa. Kuku wangu wa kahawia kila Januari na Februari wananiangusha. Wanahema mdomo wazi kuanzia saa tano, maganda yanakuwa membamba, na mwaka huu wawili wamekufa mchana kweupe. Kuna aina inayofaa pwani zaidi?

Mwanzisha uzi

Nami nimepoteza kuku wawili namna hiyo hiyo, saa nane mchana, chini ya bati lisilo na dari. Kuku hana jasho. Akizidiwa na joto hupoza mwili kwa kuhema, na katika kuhema kule anatoa hewa ya kaboni kwa wingi kuliko kawaida. Kwa kuwa ganda la yai linajengwa kwa kabonati, ambayo mwili huitengeneza kutokana na hewa hiyo, damu ikipungukiwa nayo ganda linakuwa jembamba hata kama chokaa, yenye ile kalsiamu, imejaa kwenye chakula. Ndiyo maana kuongeza chokaa peke yake wakati wa joto hakukusaidii. Kinachosaidia ni maji ya baridi yanayobadilishwa mchana, makuti juu ya bati, kuta za wavu pande zote mbili ili upepo upite, na kuwalisha alfajiri na jioni, maana kusaga chakula nako kunaleta joto mwilini.

Kuhusu aina, pwani tunaye kishingo, yule asiye na manyoya shingoni. Watu humcheka na bei yake sokoni iko chini, lakini manyoya yake ni machache mwili mzima, na joto linatoka kwa urahisi. Sifa hiyo inarithiwa kwa nguvu: jogoo kishingo mmoja ukimweka na matetea wa kawaida, angalau nusu ya vifaranga watatoka kishingo. Mimi nimeanza kumweka jogoo kishingo na matetea wangu wa kahawia waliofikisha mwaka na nusu, mayai nawapa wale wawili wa kienyeji waatamie. Matetea wanne wa kwanza wameanza kutaga mwezi huu wakiwa na miezi sita. Mayai yao ni madogo na hawatagi kila siku, lakini Februari ijayo nitawaweka banda moja na wale wa kahawia wapya, niokote mayai yao kwenye vikapu viwili tofauti, kisha nirudi na hesabu ya kilo.

Ukienda kununua chanjo ya kideri ya matone, ile ya I-2 inayowekwa tone moja jichoni na kurudiwa kila miezi mitatu, tafuta majirani kwanza. Chupa moja ni ya kuku mia au zaidi, na ikishafunguliwa haikai. Sisi hapa mtaani tuko kaya saba, tunachanja Jumapili moja jioni, na mwenye kuku wachache ndiye anayezunguka na kidumu cha barafu.